Chupa Kwenye Mlango wa Friji

Chupa ilifika Moshi kwenye buti la basi la kutoka Dar es Salaam, imeviringishwa gazeti na kutiwa kwenye mfuko wa rambo pamoja na risiti. Ilikuwa Februari, na jua la Moshi la Februari mnalijua. Nilipoipokea stendi ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahaulika mezani. Mililita 250 za maji ya rangi ya kahawia hafifu. Lebo ilisema kwamba ndani mna bakteria hai. Kwamba ukiwamimina kwenye tangi jipya la maji ya chumvi unaweza kutia samaki siku hiyohiyo. Na kwamba chupa itunzwe mahali pa baridi. Nilisoma sentensi ya kwanza na ya pili. Ya tatu niliisoma baada ya samaki kufa.

Tangi lilikuwa la Baba mdogo. Alifanya kazi Muscat miaka 14, na kwa miaka 9 ya mwisho kazi yake ilikuwa kutunza matangi ya samaki wa baharini kwenye mahoteli na majumba ya watu. Alirudi Soweto mwaka juzi (Soweto yetu hii ya Moshi, si ile ya Johannesburg tuliyoiazima jina) baada ya kiharusi. Mkono wa kulia ulikuwa hauna nguvu, na maneno yalimtoka moja moja, kila moja likiwa limetafutwa mbali. Mtaalamu wa mazoezi alimpa mpira wa kuminya. Hakuuminya. Mama mdogo alimwekea redio. Hakuisikiliza. Mimi nilikuwa nimehamia kwao ili niandike tasnifu yangu ya shahada ya uzamili bila kulipa kodi ya chumba, na kwa miezi mitatu nilichojua kumfanyia ni kumsalimia asubuhi na jioni: shikamoo, marahaba, basi.

Siku moja akanionyesha picha kwenye simu yake. Tangi refu kwenye ukumbi wa hoteli, samaki wa njano wamekatiza kama vipande vya limau. Akagonga kioo cha simu kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha akagonga meza. Hapa.

Kwa hiyo tukajenga. Fundi wa vioo alikata na kuunganisha kwa gundi ya silikoni tangi la sentimita 90 kwa 40 kwa 40. Fundi wa kuchomelea akatengeneza meza ya chuma, maana maji peke yake yangezidi kilo 120. Binamu yangu anaendesha fuso la machungwa ya Muheza, na safari moja alipitia Tanga akarudi na madumu sita ya maji ya bahari, lita 20 kila moja. Nilikuwa nimemwomba pia vipande vya miamba, kwa sababu nilisoma kwamba mwamba hai ndio njia ya uhakika ya kuanzisha tangi. Baba mdogo alikataa kwa kichwa kabla sijamaliza sentensi. "Bahari," akasema, "si... duka." Badala yake alituma watoto wakaokote yale mawe meusi ya mlimani yenye matundu kama mkate, tukayasugua, tukayachemsha, tukayapanga. Hivyo ndivyo maji ya Tanga yalivyokutana na mawe ya volkano ya Kilimanjaro sebuleni kwetu.

Sasa, kwa nini chupa? Samaki hutoa amonia, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua. Baharini haina neno, maji ni mengi. Kwenye lita 120 ni sumu, na katika maji ya bahari ni sumu zaidi kuliko katika maji baridi, kwa sababu pH ya bahari ni zaidi kidogo ya 8 na kadiri pH inavyopanda ndivyo sehemu kubwa zaidi ya amonia inavyokuwa katika umbo lile linalodhuru. Kinachowaokoa samaki ni kundi la bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na sifongo ya chujio. Wa kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Wa pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Ukiwaacha waje wenyewe, itachukua wiki 4 hadi 8. Chupa inaahidi kukuondolea wiki hizo.

Nilipoiweka mbele yake, Baba mdogo aliishika kwa mkono wa kushoto muda mrefu. "Baridi?" akauliza.

"Ndiyo, Baba mdogo. Ilikuwa kwenye barafu."

Sijui kwa nini nilidanganya. Najua, lakini halinipendezi: ilikuwa imegharimu hela nyingi, hela ilikuwa ya Mama mdogo, na mimi ndiye niliyesema isafirishwe kwa basi ili tuokoe nauli ya ndege. Tukaimimina yote. Jumamosi hiyohiyo tukatia samaki watatu wadogo wenye milia myeusi na myeupe, wale ambao watoto wa Tanga huwachota kwenye madimbwi maji yakikupwa. Wa kwanza alikufa Jumanne. Alhamisi hakubaki hata mmoja. Baba mdogo akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta.

*

Mimi ni mwanafunzi wa historia. Nikiwa na hatia, nasoma.

Jambo la kwanza lililonishangaza ni jinsi watu walivyofuga samaki muda mrefu bila kujua nani anawafugia. Bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki mwaka 1853, na matangi yake yakawa gumzo la mji. Nadharia ya wakati ule ilikuwa kwamba ukiweka mimea na wanyama kwa kadiri, mimea itatoa oksijeni na mambo yatajisawazisha. Ni kweli nusu. Nusu ya pili, ya nani anayeondoa sumu, hakuna aliyeiuliza, kwa sababu tangi lililokufa lilielezwa kwa joto, kwa uzembe wa mtunzaji au kwa bahati mbaya.

Jibu halikutoka kwa wapenzi wa samaki. Lilitoka kwenye maji machafu ya Paris. Kwa karne nyingi Wazungu walikuwa wametengeneza shura, chumvi ya kutengenezea baruti, kwa kulundika samadi, majivu na mkojo na kusubiri. Walijua lundo hutoa nitrati. Wengi walidhani ni kemia tu ya hewa na udongo. Mwaka 1877 Théophile Schloesing na Achille Müntz walipitisha maji taka polepole kwenye bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hakikutokea kitu: amonia iliingia, amonia ikatoka. Kisha nitrati ikaanza kuonekana. Wangekuwa wanashughulika na kemia tupu, mbona ingesubiri siku 20? Wakapitisha mvuke wa klorofomu, ile dawa ya kulaza wagonjwa. Nitrati ikakoma. Wakaondoa klorofomu, wakamimina maji yaliyooshea udongo wa kawaida wa bustani. Nitrati ikarudi.

Nilisoma hapo nikasimama. Yale maji ya udongo waliyoyamimina mwaka 1877 ndiyo chupa yangu. Ila yao haikupanda basi.

Baada ya hapo ilichukua zaidi ya miaka 10 kuwapata wahusika wenyewe, na sababu yake inatugusa hata sisi. Dunia ya wakati huo ilikuwa chini ya kivuli cha Robert Koch, Mjerumani aliyewafundisha wenzake kuotesha vijidudu juu ya jelatini iliyotiwa lishe, kila kijidudu kikifanya doa lake. Kwa njia hiyo kilikamatwa kipindupindu. Koch huyohuyo alifika Dar es Salaam mwaka 1897 akakaa hadi 1898 akichunguza malaria na magonjwa ya mifugo, na mwaka 1906 akarudi Afrika Mashariki kwa ajili ya malale, akapiga kambi visiwa vya Sese katika Ziwa Victoria. Vijidudu vilipoingia katika lugha ya serikali huku kwetu, viliingia kama maadui: vya kuchomwa, kufukizwa, kuwekewa karantini. Sidhani kama tumetoka huko. Nilipomwambia Mama mdogo kwamba nimeagiza bakteria kutoka Dar, jibu lake la kwanza lilikuwa, "Kwani hapa hawapo wa kutosha?"

Tatizo ni kwamba bakteria wa amonia waliikataa jelatini. Unaweka chakula kizuri, wanaota wengine wote isipokuwa wao. Aliyewapata ni Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv, aliyewahi kusomea piano kabla ya kuhamia sayansi. Alipofika Zürich mwaka 1888 aliuliza swali kinyume na wenzake: itakuwaje kama hawa hawahitaji chakula chetu? Akawatengenezea maji yasiyo na lishe ya kiumbe chochote, yana chumvi, amonia na chokaa tu. Wakastawi. Alipotaka kuwatenganisha na wengine alipanda mchanganyiko kwenye jelatini, kisha akachukua kutoka pale ambapo hapakuota doa lolote. Alitafuta mahali palipo kimya. Kati ya 1890 na 1891 alichapisha matokeo ambayo yalibadilisha maana ya neno uhai: hawa ni viumbe wanaopata nguvu kwa kuunguza amonia, na mwili wao wanaujenga kutokana na hewa ukaa, kama mimea, ila bila jua. Wengine wa amonia aliwaita Nitrosomonas, wa nitriti Nitrobacter.

Ukishajua hilo, unaelewa kwa nini ni wazembe wa kuzaliana. Kuunguza amonia hakulipi. Bakteria wa tumboni, akiwa na chakula kingi na joto, anaweza kugawanyika kila dakika 20. Hawa huhesabu kwa saa nyingi, wengine kwa siku. Tena hawajui kujifungia ndani ya mbegu ngumu za kusubiri hali nzuri kama wanavyofanya baadhi ya bakteria wengine. Ukiwaweka kwenye chupa wapo hai au wamekufa, hakuna kulala. Ndiyo maana ya sentensi ya tatu kwenye lebo.

*

Nyumbani kwa bibi, Kibosho, kulikuwa na pipa la mbege ambalo hatukuruhusiwa kuliosha kwa sabuni. Unasuuza, unageuza, basi. Bibi alichemsha ndizi mbivu, akaziacha zichachuke siku kadhaa mpaka ziwe nyalu, akapika uji wa kimea cha ulezi na gome la msesewe, akachanganya. Mtoto wa mjini aliyelisugua pipa siku moja kwa sabuni ya unga na steelwool, nikiwa na miaka 9, alisababisha pombe ya msiba ichelewe. Bibi hakunipiga. Alikwenda kwa jirani na kibuyu, akarudi na machicha ya pombe ya juzi, akapaka ndani ya pipa kama mtu anayempaka mtoto mafuta.

Namkumbuka kwa sababu katika maandishi ya wapenzi wa matangi chupa huelezwa kama uvumbuzi wa juzi, wakati wazo lake, kuchukua kilicho hai kutoka penye uzima na kukipeleka penye upya, ni la kila mpika pombe na kila Mmasai mwenye kibuyu cha maziwa mgando. Kilicho kipya ni kuliuza. Na hilo pia lina tarehe.

Mwaka 1888 Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth walichapisha uthibitisho kwamba kunde na jamii zake hupata naitrojeni ya hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye vifundo vya mizizi. Miaka 8 tu baadaye, 1896, wenzao wawili, Friedrich Nobbe na Lorenz Hiltner, walikuwa wamepata hataza na bidhaa sokoni: Nitragin. Bakteria wa mizizi, wameoteshwa maabara, wametiwa ndani ya chupa za kioo, kila aina ya zao na chupa yake. Mkulima anafungua, anachanganya na maji, anapakaa mbegu. Kwa kadiri ninavyoelewa, hiyo ndiyo bakteria ya chupa ya kwanza kuuzwa kwa ajili ya kazi ya namna hii, na malalamiko yake yanafanana neno kwa neno na ya leo. Ilikufa njiani. Ilikufa kwa joto. Na pale ilipofanya kazi, hukuweza kuwa na hakika kwamba ni yenyewe, kwa sababu shamba lenye maharage miaka yote lilikuwa na bakteria hao tayari.

Huku kwetu jambo hili si la vitabuni. Wajerumani walijaribu soya Amani, Usambara, mwaka 1907, na soya ni mgeni anayependa kuja na wenzake: bila bakteria wanaomfaa hujifunga vifundo vichache au asijifunge kabisa. Baadaye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kilitengeneza cha kwake, kikakiita Nitrosua. Kenya wana Biofix, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Nairobi, bakteria waliochanganywa na tope la viwanda vya sukari badala ya maji ili wavumilie safari. Mradi wa N2Africa, ulioanza 2009, ulizipeleka pakiti za namna hiyo kwa wakulima wa nchi nyingi, Tanzania ikiwemo baadaye. Kwenye soya tofauti huonekana kwa macho mara nyingi. Kwenye maharage huwa ni bahati nasibu, maana udongo wetu una wenyeji wake na wenyeji hawapishi mgeni kirahisi. Na katikati ya kiwanda na shamba kuna lile lile: bodi la pikipiki, duka la pembejeo lenye bati juu, jua.

Nilitaka kuandika tasnifu kuhusu hili. Msimamizi mmoja aliniambia kwamba historia inahitaji watu. Nilimwelewa, nilikuwa na nyaraka chache na sikuwa na swali. Swali lilikuja kwa samaki watatu.

*

Turudi kwenye chupa yenyewe. Kwa muda mrefu waliouza bakteria wa matangi walitegemea majina ya Winogradsky. Kama kitabu kinasema nitriti huliwa na Nitrobacter, basi unaotesha Nitrobacter unauza. Wengine waliuza bakteria wa aina nyingine kabisa, wale wenye kujifungia kwenye mbegu ngumu, kwa sababu wanakaa dukani mwaka mzima bila kufa. Hao hula mabaki ya chakula vizuri, ila kazi ya amonia si yao. Watu walimimina, wakasubiri wiki 6, tangi likakaa sawa, wakaisifu chupa.

Katika miaka ya 1990 Timothy Hovanec, Mmarekani aliyefanya kazi katika biashara hiyohiyo ya matangi, alichukua vinasaba kutoka kwenye vichujio vyenyewe badala ya kuamini kile kinachokubali kuota maabara. Katika makala za 1996 na 1998 alionyesha pamoja na wenzake kwamba wanaoishi kwenye matangi si wale wa vitabuni. Kazi ya nitriti, kwa mfano, ilikuwa ikifanywa na ndugu wa Nitrospira. Miaka yote hiyo tuliwafuga tusiowajua na kuwauza wasiohusika. Chupa za kizazi kilichofuata zilitokana na kazi hiyo.

Na bado mambo hayakwisha. Mwaka 2005 watafiti walichukua changarawe kutoka kwenye tangi la maji ya chumvi katika Seattle Aquarium wakapata kiumbe kinachounguza amonia ambacho si bakteria kabisa, ni wa kundi jingine la viumbe wa seli moja waitwao akea. Wakakiita Nitrosopumilus maritimus. Leo tunajua ndugu zake wamejaa katika bahari za dunia nzima, ya Tanga ikiwemo. Yaani mmoja wa viumbe walio wengi kuliko karibu wote duniani alipatikana kwanza akiwa hai kwenye tangi la maonyesho, nyuma ya kioo, watoto wa shule wakipita. Kisha 2015 timu mbili zikatangaza kwamba kuna Nitrospira wanaofanya kazi zote mbili peke yao, kutoka amonia hadi nitrati, jambo ambalo Winogradsky alikuwa amelifunga kwa kuwagawia watu wawili. Timu moja iliwapata kwenye chujio la ufugaji wa samaki Uholanzi. Nyingine kwenye utando ndani ya bomba la maji moto la kisima kirefu Urusi. Miaka 125 tulitazama hatua mbili kwa sababu mtu mwerevu alisema ni mbili.

*

Siku ya tisa baada ya samaki wa mwisho nilikwenda nikapiga magoti karibu na kiti chake.

"Baba mdogo, ile chupa haikuwa kwenye barafu. Ilikuja kwenye buti. Nilidanganya."

Alichukua muda. Nilidhani hajasikia. Kisha akasema, "Haikuwa... na jasho."

Nilimwangalia bila kuelewa. Akaelekeza kidole kwenye chupa ya maji ya kunywa mezani, iliyotoka kwenye friji, ikichuruzika matone kwa nje.

"Ulijua?"

Akatikisa kichwa kukubali. Akajigonga kifua kwa ngumi ya kushoto. "Na mimi... haraka."

Halafu akageuza kiti.

Tulianza upya bila samaki. Alinituma sokoni Mbuyuni nikanunue kamba mmoja, mmoja tu, muuzaji akanitazama kama mwehu. Tukamfunga kwenye kipande cha chandarua tukamtumbukiza aoze. Sebule ilinuka, Mama mdogo alihamishia maombi ya jumuiya kwa jirani. Nilinunua vipimo vya rangi vya amonia na nitriti, na Baba mdogo akachukua daftari la kaunta. Aliandika kwa mkono wa kulia. Sikumwambia kitu kuhusu hilo, na yeye hakuniambia. Herufi za wiki ya kwanza zinafanana na nyayo za kuku. Siku ya 6 amonia imepanda, kijani kibichi. Siku ya 15 nitriti ya kwanza, zambarau hafifu. Siku ya 19 usiku umeme ulikatika saa nne, tukawa tunachota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yapate hewa, yeye jagi moja mimi mawili, mpaka karibu saa kumi alfajiri. Siku ya 24 amonia sifuri. Nitriti ikakaa juu, zambarau iliyoiva, siku baada ya siku, na nikaanza kuamini kwamba mawe ya mlimani yana sumu. Baba mdogo alicheka. Ndiyo mara ya kwanza. Siku ya 41 nitriti ilikuwa ya rangi ya samawati safi. Sifuri.

Nimejaribu kuwa mwanahistoria wa siku hizo 41 na nimeshindwa. Inawezekana waliotoka kwenye chupa hawakufa wote, wachache wakajibanza kwenye matundu ya mawe wakaanza kujenga polepole. Inawezekana chupa haikuchangia kitu, na wafanyakazi walikuja kwenye madumu sita na harufu ya machungwa, wakiwa wachache mno kuwaokoa samaki wa wiki ya kwanza. Ningekuwa na tangi la pili lisilotiwa chupa ningelinganisha, sikuwa nalo. Mkulima wa 1896 mwenye shamba moja na chupa moja ya Nitragin hakuwa nalo pia. Rekodi niliyonayo ni daftari, na daftari linajua rangi tu.

Samaki wawili walifika mwezi wa nne, kwa fuso lilelile, kwenye ndoo yenye kifuniko na pampu ya betri. Wapo. Mmoja ana tabia ya kulala ameegemea jiwe kama mlevi.

Kuhusu mkono: nimeshauliza na nimeambiwa nisikuze mambo, mikono ya kiharusi hurudi au hairudi kwa sababu nyingi. Sawa. Mimi naandika nilichokiona, na nilichokiona ni kwamba kila Jumamosi Baba mdogo hutoa sifongo ya chujio na kuikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi, si ya bomba, maana klorini ya bomba ingewaua. Anaikamua kwa mkono wa kulia. Mpira wa mazoezi upo bado juu ya kabati.

Mwezi uliopita kijana wa nyumba ya nyuma, yuko kidato cha pili, alikuja na chupa tupu ya maji ya nusu lita. Amejengewa tangi na kaka yake, amesikia kwetu kuna dawa ya kuanzishia. Baba mdogo alikamua sifongo, akajaza chupa maji ya kahawia, akaandika tarehe kwenye kipande cha plasta akakibandika. Alipokuwa anamkabidhi ndipo akakumbuka kuuliza.

"Maji ya chumvi... au baridi?"

"Baridi, mzee. Ya bomba."

Baba mdogo akairudisha chupa kwake taratibu. Waliozoea chumvi wasingemfaa sana. Akamwelekeza aende kwenye mfereji ule wa chini, achukue mawe matatu yenye utelezi, asiyaoshe, ayabebe kwenye maji ya mfereji wenyewe. Sentensi nzima, ndefu, ilichukua kama dakika mbili, na kijana alisubiri mpaka mwisho.

Chupa ipo kwenye mlango wa friji, kati ya maziwa na siki. Mama mdogo ameshataka kuitupa mara mbili.